Anga la Unguja Usiku: Mhadhara kwa Wanaotaka Kuanza Kutazama Nyota na Kuzipiga Picha

 

Jioni ya tarehe 29 Shaabani, ukipita Forodhani, utakuta watu wamesimama ukutani wote wameelekea magharibi. Hakuna aliyewaita. Jua likishazama upande wa bara, mazungumzo hupungua, viganja hupanda juu ya nyusi, na kila mmoja anatafuta ule ukucha mwembamba wa mwezi mwandamo kabla nao haujazama. Mwenye macho makali ataonyesha: pale, juu kidogo ya lile wingu, usawa wa mlingoti wa jahazi. Mwingine atabisha. Watoto watapandishwa mabegani. Kwa dakika kama ishirini umati mzima unatazama anga kwa makini, unalinganisha kilichoonekana na kilichotarajiwa, na unadai ushahidi kabla ya kukubali.

Nimeanzia hapo makusudi. Wengi wanaonijia wakitaka kuingia katika jambo hili la kutazama nyota huuliza kwanza bei: darubini shilingi ngapi, kamera gani inafaa, lenzi ndefu niagize wapi. Wanadhani mlango wa kuingilia ni duka. Mimi huwajibu kwamba walishaingia zamani, tangu jioni ile walipobebwa mabegani. Kilichobaki ni kuendelea kutazama baada ya mwezi kuonekana, wakati wenzao wanakimbilia nyumbani kupeleka habari.

Ninachotaka kuwaambia leo ni hiki: lijue anga kutoka pale uliposimama wewe. Vitabu vingi vya kuanzia, na video nyingi zinazozunguka kwenye simu zetu, vimetungwa na watu wanaoishi mbali kaskazini mwa ikweta, nyuzi 40 au 50. Kitabu kitamwambia kijana wa Kiembesamaki: kwanza tafuta Nyota ya Kaskazini. Atatoka nje wiki nzima, ataitafuta, hataiona, na mwisho ataamini kwamba ubovu ni wa macho yake. Nyota hiyo haipo. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwetu imejificha chini ya upeo mwaka mzima. Kitabu kitamchorea kundi la nyota la Jabari amesimama wima. Kwetu Jabari huchomoza amelala ubavu, zile nyota tatu za mkanda wake zikipanda moja juu ya nyingine kama watu wanaopanda ngazi, kisha hupita karibu na utosi. Mwezi mchanga wa kitabuni umesimama kama upinde; wetu mara nyingi hulala kama dau. Kitabu kitamwonya kwamba usiku wa Juni hautoshi, na kwa aliyeko London ni kweli, kwa sababu giza kamili haliingii kabisa mwezi huo. Sisi tuna karibu saa 12 za usiku kuanzia Januari hadi Disemba, na giza kamili huingia kama saa moja na robo baada ya jua kuzama.

Mabaharia wetu walilijua hili bila kitabu. Katika dira yao kaskazini ni Jaa, ambalo ni jina la nyota hiyo hiyo tusiyoiona, na kusini ni Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku. Chombo kilichotweka tanga hapa na upepo wa kusi kwenda Arabuni kiliondoka bila ya Jaa. Baada ya kuvuka ikweta, usiku mmoja nahodha aliiona imechungulia juu ya maji mbele ya omo, na kutoka hapo kila usiku ilikuwa juu zaidi. Kimo chake ndicho kilichomwambia amefika wapi. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa Bahari ya Hindi aliyezaliwa Julfar, aliandika mwishoni mwa karne ya 15 juu ya elimu hii, na kipimo chao kilikuwa kidole. Walikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: fundo moja linang'atwa kwa meno, kibao kinanyooshwa mbele ya jicho, ukingo wa chini unakaa kwenye upeo na wa juu unagusa nyota. Uzi na kibao tu, na watu walivuka bahari na kurudi.

Basi somo la kwanza halina gharama. Nyosha mkono wako mbele, kunja ngumi, fumba jicho moja. Upana wa ngumi hiyo angani ni kama nyuzi 10. Kidole cha mwisho ni uzi 1 hivi. Na mwezi mpevu, ambao kila mtu angeapa ni mkubwa kama sahani, ni nusu ya kidole hicho. Jaribuni siku ya mwezi kumi na tano. Wengi hawaamini mpaka wajipimie wenyewe.

Mkitoka ukumbini usiku huu wa Novemba 2025, geukeni kaskazini-mashariki. Ngumi mbili hivi juu ya upeo mtaona kishada kidogo cha nyota, kama vumbi la almasi lililokusanywa kwa ncha ya kidole. Hicho ni Kilimia. Jina lenyewe linatoka kwenye kulima, na wakulima wa pwani walipima mvua na jua kwa kuzama na kuzuka kwake. Mwezi huu kinazuka jua linapozama na kinakaa nasi usiku kucha. Ikifika Mei kitakuwa kimepotea ndani ya mwanga wa jua. Macho matupu huhesabu nyota 6, wenye bahati zaidi ya hapo. Mwanga mtakaouona usiku huu ulianza safari kama miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Nawaomba mchukue nyota tano tu kwa mwezi. Jifunzeni jina la kila moja, inachomoza wapi, inapita wapi ukilinganisha na mnazi wa jirani, saa ngapi inazama. Kuna programu ya bure iitwayo Stellarium inayochora anga la mahali ulipo, nami naitumia karibu kila siku. Lakini itumieni ndani, kabla ya kutoka. Ukiwa nje, tazama juu.

Jicho lenyewe linahitaji heshima yake. Kuzoea giza huchukua dakika 20 hadi 30, na ukiwasha simu mara moja tu unaanza upya. Tochi ifunike kwa plastiki nyekundu, maana mwanga mwekundu hauliharibu jicho sana. Na usiku mzuri wa nyota ni usiku usio na mwezi. Kwa hilo sisi watu wa visiwani tuna kalenda inayokuja mpaka mlangoni. Bamvua likiingia, ujue mwezi ni mpevu au ni giza, na bamvua la giza ndilo letu. Hapo tunakutana na wavuvi wa dagaa. Wao pia husubiri giza, kwa sababu taa zao hazivuti samaki mbalamwezi ikiwaka. Kwa hiyo usiku ule ule tunaoutaka sisi, mkondo mzima kati yetu na bara unakuwa kama mji wenye mitaa ya taa. Msiwanung'unikie. Nendeni pwani ya mashariki, Makunduchi au Jambiani, mzipe mgongo taa za hoteli, mbele yenu ni bahari kuu mpaka mwisho wa macho.

Kuhusu darubini nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndiko masikio yaliko. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa kwenye boksi lenye picha ya rangi ya Zohali na maandishi makubwa kwamba inakuza mara 525. Nilikusanya fedha miezi minane. Nilipoifungua, stendi ilikuwa inatikisika hata kwa pumzi yangu, na lenzi ya milimita 60 haikuweza kutoa zaidi ya ukungu. Baadaye nikajua hesabu ambayo ningeijua mapema ningebaki na fedha yangu: kikomo cha ukuzaji wenye maana ni kama mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo. Milimita 60, mara 120, na hapo hewa iwe imetulia kabisa. Kinachotafutwa ni upana wa kioo, kwa sababu kioo ndicho kinachokusanya mwanga. Mboni ya jicho gizani hufunguka kama milimita 7. Kioo cha milimita 150 kinakusanya mwanga zaidi ya mara 450 kuliko jicho.

Ushauri wangu basi: anza na darubini ya macho mawili, ile inayoandikwa 7x50 au 10x50, hata ikiwa ya mtumba mradi vioo ni safi na macho yote mawili yanaona kitu kimoja. Lala chali kwenye mkeka. Utaona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliigundua Januari 1610 kwa chombo duni kuliko hicho. Utaona mashimo ya mwezi, na uyatafute pale kwenye mpaka wa mwanga na giza, vivuli vinapokuwa virefu, kwa sababu mwezi mpevu ni mweupe mtupu na haukuonyeshi kitu. Mwaka ukipita na bado unatoka nje, hapo tafuta darubini ya kioo iliyokaa juu ya sanduku la mbao linalozunguka, inayoitwa kwa jina la John Dobson. Bwana huyu alikuwa mtawa Marekani. Alisugua vioo kwa mkono, akatengeneza darubini kwa vifaa vya kuokota, na tangu mwaka 1968 yeye na wenzake wakawa wanaziweka barabarani San Francisco na kumwita kila mpita njia aje atazame. Hapa mafundi seremala tunao. Kioo kitaagizwa, sanduku litatoka Mwanakwerekwe.

Kuna vitu mtaviona hapa ambavyo mwandishi wa kile kitabu anapanda ndege kuvifuata. Aprili na Mei, usiku wa mapema, Msalaba wa Kusini umesimama wima upande wa kusini, na pembeni yake Rijili Kantori, jirani ya jua letu, miaka 4.4 tu ya mwendo wa mwanga. Juu yao kuna kitu kinachofanana na nyota yenye ukungu. Elekeza darubini ya macho mawili: ni Omega Centauri, donge la nyota zinazofika milioni 10. Na Disemba na Januari, chini upande huo wa kusini, kuna Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zinazoandamana na yetu. Niliwahi kumwonyesha mvuvi mmoja mzee wa Nungwi picha niliyoipiga ya lile wingu kubwa. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kitambo.

"Mwanangu, hili tunalijua," akaniambia. "Wingu lisilokwenda na upepo."

Mwanga wa wingu hilo una safari ya miaka kama 160,000. Mwaka 1987 nyota moja ndani yake ililipuka ikaonekana kwa macho matupu, na mmoja wa watu wa mwanzo kuigundua alikuwa Albert Jones wa New Zealand, mtu wa ridhaa kama sisi, ambaye katika maisha yake aliandika vipimo zaidi ya nusu milioni vya mng'ao wa nyota. Nawaambia hili ili mjue kwamba daftari la mtu wa ridhaa lina thamani. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, ulichokiona. Mimi mwanzoni nilikuwa siandiki, na naijutia ile miaka.

Sasa picha.

Kwanza tuelewane kamera inafanya nini. Jicho hupokea mwanga kwa sehemu ndogo ya sekunde, huupa ubongo taarifa, kisha huanza upya. Kamera huacha mlango wazi na kukusanya, tone juu ya tone, kama ndoo iliyowekwa usiku chini ya mfereji unaovuja. Asubuhi ndoo imejaa, ingawa kila tone lilikuwa dogo. Ndiyo maana picha inaonyesha nyota ambazo jicho halikuziona zikiwa pale pale juu ya kichwa chako.

Kizuizi ni kwamba dunia inazunguka. Inageuka nyuzi 15 kwa saa, maana yake kila dakika 2 nyota inasogea upana wa mwezi. Mlango ukikaa wazi mno, nyota inageuka mstari. Wapigaji wametuachia kanuni nyepesi: chukua 500, gawa kwa urefu wa fokasi wa lenzi, jibu ni sekunde. Lenzi ya milimita 20, sekunde 25. Lenzi ya 50, sekunde 10. Lakini sensa za siku hizi ni kali, hazisamehe, na sisi tuna jambo letu la ziada. Nyota zinazokwenda kasi kuliko zote ni zile za kwenye ikweta ya anga, na mstari huo hapa unapita karibu na utosi wetu. Kwa hiyo mimi nagawa 300 badala ya 500. Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 25 hivi: sekunde 12.

Na simu inatosha kuanzia. Nitawaeleza jinsi ninavyofanya Julai, mwezi wa sherehe ya Mwaka Kogwa, kipupwe, anga limekauka na kusi linavuma. Upepo huo hutikisa stendi, na kwa muda mrefu ulikuwa adui yangu, nikifunga mfuko wa mchanga kwenye miguu ya stendi na bado picha zinacheza. Kisha nikatambua kitu ambacho mtu wa London hawezi kukitambua. Kwake, kitovu cha Njia Nyeupe hakipandi hata ngumi moja juu ya upeo. Kwetu, usiku wa Julai, kinapanda ngumi sita na zaidi, karibu na utosi. Basi stendi ya nini? Tandika mkeka. Weka kitabu kigumu juu yake. Laza simu kifudifudi, kioo chini, jicho la kamera juu. Upepo hauigusi, na mwanga wa kioo umefunikwa haukupofushi. Ndani ya simu umeshaingia kwenye ile hali ya kurekebisha mwenyewe: ISO 3200, mlango sekunde 12, fokasi imepelekwa mwisho kabisa kwenye alama ya mbali, faili ghafi badala ya picha iliyokwisha pikwa, na saa ya kujipiga sekunde 10 ili mtikisiko wa kidole chako uwe umetulia. Bonyeza, ilaze, ondoka.

Nikumbukavyo picha ya kwanza ya namna hiyo: niliiinua simu nikadhani wingu limeniharibia. Kulikuwa na mkanda mweupe umekatiza picha nzima, na katikati yake mifereji myeusi kama mizizi ya mkandaa. Nikatazama juu, hakuna wingu. Mifereji ile ni vumbi, vumbi la kweli lililoko kati ya nyota, linalozuia mwanga wa zile zilizo nyuma. Nilikaa kwenye mkeka nikalinganisha picha na anga, anga na picha, mpaka jicho nalo likaanza kuiona ile mizizi. Tangu siku hiyo naiona bila kamera.

Fokasi ndipo wengi wanapoumia. Kamera ikiachiwa itafute yenyewe gizani, itahangaika mbele na nyuma kisha itasimama popote. Usiku mmoja niliazima kamera ya rafiki, nikapiga picha 140 kati ya saa nne na alfajiri, na zote zilikuwa na nyota kubwa laini kama punje za mtama uliolowa. Hakuna programu inayoweza kuziokoa. Tangu hapo natafuta nyota inayong'aa sana, naikuza kwenye kioo cha kamera, nazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka nyota inakuwa nukta ndogo kabisa, kisha napiga kipande cha gundi ya karatasi juu ya pete isiguswe tena.

Picha moja itakuwa na chenga nyingi. Dawa yake ni kupiga picha nyingi za kitu hicho hicho na kuzilaza moja juu ya nyingine kwa kompyuta. Nyota zikishapangwa ziko palepale katika kila picha, zinaimarika. Chenga zinatokea ovyo, zinafutana. Picha 16 zinapunguza chenga mara 4, picha 100 mara 10. Siril na DeepSkyStacker zinafanya kazi hiyo bure. Kabla ya kukunja mkeka, funika lenzi na upige nyingine kumi gizani kwa sekunde zilezile. Programu itazitumia kuondoa kasoro za sensa yenyewe.

Mtakapofika kwenye Jabari, chini ya mkanda wake, mtapiga wingu la gesi ambalo kwenye picha ni la waridi na kwenye darubini ni kijivu. Wengi hukasirika wakitazama kwa jicho mara ya kwanza, wanaona wamedanganywa. Hakuna aliyewadanganya. Chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazijui rangi, na ule wekundu ni haidrojeni inayong'aa kweli. Ninachowaomba ni kutoongeza kisichokuwepo. Siku hizi ziko simu zinazotambua kwamba umeelekeza kwenye mwezi na kukupakia mashimo ambayo lenzi yake haikuyaona. Zimeni mambo hayo. Mwezi wenye ukungu ulioupiga mwenyewe ni wako. Ule mwingine si wa mtu yeyote.

Kwa aliyekwisha kufika mbali na anataka mlango ukae wazi dakika kadhaa, kuna mashine ndogo inayoizungusha kamera kufuata nyota. Kitabu kitamwambia aielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini, na tumeshaona nyota hiyo hatunayo. Mhimili wetu unaelekea kusini, nyuzi 6 tu juu ya upeo, karibu umelala chini. Baadhi ya mashine hazishuki kiasi hicho. Mimi nafupisha mguu mmoja wa stendi mpaka mashine ikubali kuinama, kisha natumia dira na subira.

Tatizo la pwani ni unyevu. Baada ya usiku wa manane umande unashuka, lenzi inafifia bila wewe kujua, na picha za saa mbili zinapotea. Tazama kioo kila nusu saa. Mbaya zaidi ni kuvu. Hewa yetu ya joto na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini, nyuzi nyembamba kama za buibui, na zikishaingia kuzitoa ni kazi ya fundi. Usiiweke lenzi kwenye mfuko wa ngozi. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikusanye, usivitupe.

Wengi wenu mlikuwa nje usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa. Saa mbili na nusu ulikuwa umemezwa wote, ukakaa mwekundu dakika 82. Mtaani kwetu watu walitoa viti nje, na nilipoona vijana wanapiga picha na simu, nikaona kosa moja kwa wote: simu ilikuwa inaungarisha mwezi mpaka unakuwa kitone cheupe. Punguza mwanga kwa kidole pale kwenye kioo, wekundu utarudi. Jua ni jambo jingine. Tarehe 1 Septemba 2016 lilipopatwa kipete, watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kuliona. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa kikamilifu kule Luxor kwa zaidi ya dakika 6, na Jeddah na Makkah zitaingia kivulini. Ndugu zetu walioko huko wana jambo la kusubiri. Hapa tutaona sehemu tu. Kwa sehemu hiyo, msitazame bila miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2. Miwani ya jua, kanda za eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, vyote hivyo vinaunguza jicho bila maumivu, na jicho lililoungua halirudi. Darubini au kamera ikielekezwa kwenye jua iwe na kichujio chake mbele ya lenzi, kamwe si nyuma.

Na usikae peke yako. Dk. Noorali Jiwaji, aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ameandika miaka mingi kuwaelekeza Watanzania nini kipo angani. Kenya, Susan Murabana anazunguka na darubini kutoka skuli hadi skuli. Hapa Unguja hatuhitaji jengo. Watu wanne, mkeka, chupa ya chai ya tangawizi, usiku wa bamvua la giza: hapo kuna chama.

Nimesema mengi, na mvua za vuli zimetupa nafasi leo ambayo sitaki ipite. Darubini ipo nje ukutani, ya milimita 200, sanduku lake nimelichonga mwenyewe. Mwezi mchanga unazama sasa hivi. Imeelekezwa kwenye Zohali, karibu na utosi, na warefu mtainama. Taa za mji hazitusumbui, sayari hazizijali. Wale mliozoea kuiona vitabuni na pete pana, mwezi huu pete zake zimetulalia ubavu, hazijawa nyembamba hivi kwa miaka mingi: mtaona tufe dogo la rangi ya samli limechomwa sindano. Usiishike darubini, weka jicho tu, na usiwe na haraka, maana hewa hutulia kwa sekunde moja kisha ikacheza tena, na ni katika sekunde hiyo ndipo unaona. Ikihama kwenye kioo niite niirudishe. Watoto watangulie, na bibi zetu. Saa mbili na nusu Suheli itachomoza kule juu ya paa la kusini-mashariki, tutaingoja.

Wanazima taa za ukumbi. Tafadhali, simu zibaki mifukoni.